Nanga na Bangili: Mji wa Birmingham na Mipira ya Watoto

Mwezi wa Agosti mwaka 2014, maabara ya Ofisi ya Upimaji ya Birmingham, ambayo kazi yake ya asili ni kuthibitisha usafi wa fedha na dhahabu, ilipokea vitu ambavyo sonara yeyote angevifagia pamoja na taka za karakana yake. Vilikuwa vipambo vidogo vya plastiki, vya rangi kali na bei ndogo, vilivyouzwa ili watoto wavining'inize kwenye bangili za mpira walizokuwa wakizifuma wenyewe. Majira yale ya joto bangili hizo zilienea nchini Uingereza kama moto wa nyika. Zilikuwa zimeonekana mkononi mwa Papa Francis, na mkononi mwa Catherine, mke wa Mwanamfalme William. Wapimaji walipovichunguza vile vipambo, waligundua kwamba zaidi ya asilimia 40 ya baadhi yake ilikuwa ftaleti, yaani kemikali za kulainishia plastiki, ilhali sheria ya Ulaya haikuruhusu kemikali hizo kuzidi asilimia 0.1 katika vitu vya kuchezea vya watoto.

Habari hiyo ilidumu magazetini siku chache, kisha ikasahauliwa pamoja na bangili zenyewe. Lakini anayeijua historia ya mji wa Birmingham hawezi kuipita upesi. Ofisi iliyovipima vipambo vile ilikuwa na umri wa miaka 241, na ilizaliwa kutokana na swali lile lile lililoulizwa mwaka 2014: kitu kikitoka mikononi mwa fundi asiyeonekana na kwenda kukaa mwilini mwa mtu mwingine, nani atamhakikishia mvaaji kwamba kitu hicho ni salama na ni halisi?

Bangili za mpira zilipita katika awamu mbili, na tofauti baina yake ina maana. Ya kwanza ilianzia Japani. Mwaka 2002 wasanifu wa kampuni ya Passkey Design walibuni mipira ya ofisini, ile ya kufungia karatasi, yenye maumbo ya wanyama. Waliitengeneza kwa silikoni iliyomiminwa katika kalibu, hivyo kwamba mpira ukivutwa hunyooka, na ukiachiwa hurudia umbo lake la awali. Nia yao ilikuwa ya kuhifadhi: mtu aliyezoea kutupa mpira wa kawaida angeona haya kumtupa tembo au twiga. Wazo hilo lilipofika Marekani, mfanyabiashara wa Toledo, jimbo la Ohio, aliikuza mipira hiyo, akaifanya iwe minene zaidi, akaiita Silly Bandz, na kuwauzia watoto waivae mkononi. Kufikia mwaka 2010 watoto walikuwa wakivaa kadhaa kwa pamoja, kutoka kifundo cha mkono hadi kiwikoni. Kwa kuwa kila pakiti ilikuwa na maumbo yake, palizuka soko katika viwanja vya shule. Mtoto alitoa farasi wawili akapata joka mmoja. Umbo adimu lilipanda thamani, na la kawaida likashuka. Walimu walilalamika kwamba masomo yalikuwa yakigeuka mnada, na baadhi ya shule zilipiga marufuku bangili hizo. Zilivuka bahari zikaingia Uingereza, na baada ya muda mfupi zikaachwa.

Awamu ya pili ilianzia nyumbani kwa mhandisi mmoja. Cheong Choon Ng, mzaliwa wa Malaysia aliyehamia Marekani mwaka 1991, alikuwa akifanya kazi Michigan ya kuchunguza usalama wa magari yanapogongana. Mwaka 2010 aliwaona binti zake wakiunganisha vipira vidogo kuwa bangili. Alitaka kushiriki, lakini vidole vyake vilikuwa vinene mno. Akachukua kipande cha ubao, akakipigilia pini katika safu, akapachika vipira juu yake na kuvivuta kwa ndoano, kimoja kupitia kingine. Kifaa hicho kilikuwa ndugu mdogo wa kitanda cha mfumi. Ng na mkewe waliweka humo akiba yao ya dola 10,000, wakaagiza kalibu kutoka China, na kuanza kukiuza mwaka 2011 kwa jina la Rainbow Loom. Mwaka 2013 kilivuma Marekani, na mwaka uliofuata kikavuma Uingereza.

Mtoto wa Silly Bandz alinunua umbo lililokamilika, akalivaa au akalibadilisha. Mtoto wa mwaka 2014 alinunua malighafi: mamia ya vipira vidogo katika mfuko, pamoja na ndoano na vibano. Umbo lilitoka katika kichwa na vidole vyake, au katika video ya mtoto mwenzake aliyekuwa akifundisha fundo jipya kupitia intaneti. Wavulana, ambao kwa desturi ya nchi ile huonea haya kazi za sindano, walifuma bila kujificha. Wazazi wengi walifurahi. Waliona kwamba, baada ya miaka mingi ya vioo vya simu na kompyuta, vidole vya watoto vilikuwa vimerudi kazini. Mswahili wa pwani angeielewa furaha hiyo kwa urahisi, kwa maana mtoto anayejitengenezea saa ya mkononi kwa jani la mnazi ni sura ya kawaida katika vijiji vya mwambao. Tofauti ni kwamba mtoto wa pwani anaufahamu mnazi alikokata jani. Mtoto wa Birmingham hakujua mipira yake ilitoka wapi, wala ilichanganywa na nini.

Birmingham yenyewe ilikuwa na uzoefu mrefu wa jambo hilo, lakini kutoka upande wa pili. Katika karne ya 18 neno la Kiingereza ambalo leo lina maana ya vitu vya kuchezea watoto, yaani "toys", lilitumika mjini humo kwa vitu vidogo vya madini: vifungo, bizimu za viatu, minyororo ya saa, visanduku vya ugoro, pete na bangili. Mafundi wake walivitengeneza kwa wingi usiopata kuonekana, na Mbunge Edmund Burke akauita mji huo duka kuu la bidhaa hizo barani Ulaya. Lakini sifa hiyo ilikuwa na kivuli chake. Neno "Brummagem", ambalo ni matamshi ya kienyeji ya jina la mji, liliingia katika Kiingereza likiwa na maana ya kitu cha bei nafuu, chenye kung'aa kwa nje na uongo kwa ndani. Mji wenye mafundi hodari ulibeba jina la udanganyifu.

Waswahili husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho nje kidogo ya Birmingham, aligundua kwamba katika soko la mbali methali hiyo haifanyi kazi. Alikuwa akitengeneza vyombo vya fedha vya hali ya juu, lakini mnunuzi wa London au Paris hakuwa na njia ya kujua kama fedha hiyo ilikuwa safi, na kila kilichotoka Birmingham kilishukiwa. Sheria ya Uingereza ilidai vyombo vya fedha vipimwe na kupigwa chapa kabla ya kuuzwa, lakini ofisi ya karibu ya kuvipima ilikuwa Chester, safari ya maili zipatazo 70 kwa barabara mbovu. Vyombo vilikwenda vikiwa vizuri, vikarudi vimekwaruzwa, na Boulton alihofia kwamba mifano yake ingeibwa njiani.

Akalipeleka suala hilo Bungeni, akiungana na mafundi wa Sheffield waliokuwa na shida kama yake. Wafua fedha wa London walipinga kwa nguvu, wakidai kwamba miji hiyo haiwezi kuaminiwa kujipima. Bunge likaunda kamati, nayo ikakuta kwamba hata ofisi za zamani, ikiwemo ya London, hazikuwa na mikono misafi kama zilivyodai. Mwaka 1773 sheria ikapitishwa. Sheffield ikapewa alama ya taji na Birmingham ikapewa alama ya nanga, ingawa mji huo uko katikati ya nchi na hauna bandari. Masimulizi maarufu husema kwamba alama hizo mbili zilitokana na jina la hoteli ya London walimokuwa wakikutania watetezi wa sheria hiyo, Crown and Anchor. Tarehe 31 Agosti mwaka huo ofisi ya Birmingham ilifungua milango yake.

Jambo la busara zaidi katika sheria hiyo halikuwa nanga, bali mpango wa usimamizi. Ofisi iliwekwa chini ya walinzi 36, na ilikatazwa walio wengi kati yao wasiwe mafundi wa fedha. Waliotunga sheria walitambua kwamba mwenye kuuza hawezi kuwa hakimu wa bidhaa yake mwenyewe. Mpimaji alikwangua unga kidogo wa chombo, akaupima, na kisipofikia kiwango cha sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, chombo kilivunjwavunjwa. Kikifaulu, kilipigwa nanga. Tangu siku hiyo mnunuzi asiyemfahamu fundi, wala hajapata kufika Birmingham, aliweza kuvaa bangili ya fedha kwa moyo mtulivu.

Lakini nanga ilipigwa juu ya fedha pekee, na baadaye dhahabu. Sehemu kubwa ya bidhaa za Birmingham ilitoka bila chapa yoyote, na miongoni mwake kulikuwamo bangili za aina nyingine kabisa. Ziliitwa manilla. Zilikuwa na umbo la kwato la farasi, zenye ncha zilizopanuka, na zilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na madini hafifu, hasa risasi. Zilisafirishwa kwenda Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Wareno walikuwa wameianza biashara hiyo karne tatu kabla. Bristol ikaichukua, kisha Birmingham. Kwa manilla walinunuliwa watu, hadi Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya utumwa mwaka 1807, na baada ya hapo yakanunuliwa mafuta ya mawese. Mwaka 1843 jahazi liitwalo Douro lilizama karibu na visiwa vya Scilly likiwa na shehena ya bangili hizo, na wapiga mbizi wa karne ya 20 walizikuta chini ya bahari.

Hakuna mlinzi wa Birmingham aliyezipima manilla kwa niaba ya mnunuzi wa delta ya Niger. Mnunuzi alizipima mwenyewe. Kila eneo lilikuwa na majina yake ya aina mbalimbali za manilla na viwango vyake vya kuzibadilisha. Bangili iligongwa, na sikio likaamua: sauti iliyolia vizuri ilipokelewa, sauti iliyofifia ilikataliwa. Wafanyabiashara wa Ulaya walilalamika kuhusu ukaidi wa wateja hao, kana kwamba kukagua ni kosa. Biashara ile haikwisha kirahisi. Serikali ya kikoloni ya Nigeria ilianza kuzinunua manilla mwaka 1948 ili kuziondoa katika mzunguko, zikakusanywa zaidi ya milioni 32, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1949 hazikuwa tena fedha halali.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na elimu yake ya upimaji. Misafara iliyoondoka Bagamoyo na Mombasa katika karne ya 19 ilibeba nguo, masango ya shaba na ushanga, na kila mpagazi alijua kwamba mzigo usio na rangi inayotakiwa ni mzigo wa mawe. Richard Burton, aliyepita njia hizo kuanzia mwaka 1857, aliandika kwamba aina za ushanga zilikaribia 400, kila moja ikiwa na jina lake, bei yake na mahali pake. Samesame nyekundu iliyogombewa katika nchi moja ilidharauliwa katika nchi jirani. Joseph Thomson alipopiga kambi Taveta mwaka 1883, kabla ya kuingia Umasaini, ilibidi watu wake wakae kutunga upya maelfu kwa maelfu ya nyuzi za ushanga, kwa urefu ambao Wamaasai walikuwa wameukubali. Kwa maneno mengine, kioo kilitoka Ulaya, lakini kipimo kilitoka kwa mvaaji. Vumo la mitindo, ambalo wageni walilicheka kama utoto, lilikuwa pia njia ya wateja kumlazimisha muuzaji awasikilize.

Birmingham ilifika pwani hiyo kwa sura nyingine. Mwaka 1850 mitambo ya kupiga sarafu ya Soho, iliyoachwa na Boulton, ilipigwa mnada, na baadhi ya mashine zake zikanunuliwa na Ralph Heaton wa mji huo huo. Kiwanda cha Heaton ndicho kilichopiga rupia za fedha za mwaka 1888 kwa ajili ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, zenye jina la Mombasa na herufi ndogo H ya kiwanda. Sarafu za Mombasa zilichorwa mizani. Kampuni iliyokuja kutawala ilijitangaza kwa picha ya upimaji wa haki, ingawa hakuna mtu wa pwani aliyeulizwa nani ashike hiyo mizani.

Katika historia hiyo wako pia watoto ambao hawakuvaa chochote. Mwaka 1840 iliundwa tume ya kuchunguza ajira ya watoto nchini Uingereza, na taarifa yake kuhusu viwanda, iliyotoka mwaka 1843, iliukuta mji wa Birmingham umejaa watoto wanaofanya kazi katika karakana za vifungo na pini, wengine hawajatimiza miaka kumi. Vidole vyao vidogo vilithaminiwa kwa sababu ile ile iliyomfanya Ng ashindwe na vipira vya binti zake: kazi ndogo hutaka vidole vidogo. Kwa hiyo mtoto wa Birmingham aliyekaa sebuleni mwaka 2014 akipachika vipira juu ya vigingi alikuwa akirudia, kwa hiari na kwa furaha, mwendo wa mikono ambao mtoto wa mtaa ule ule, vizazi saba hivi kabla, aliufanya kwa njaa. Hatua kutoka kwa yule hadi kwa huyu ni mojawapo ya maendeleo ya kweli ambayo mji huo unaweza kujivunia.

Maendeleo hayo, hata hivyo, yalikuwa na upande wake wa nyuma. Kazi iliyoondoka katika karakana za Birmingham haikutoweka duniani, ilihamia kwingine. Vipira na vipambo vingi vya mwaka 2014 vilitengenezwa China, na mahitaji yalipopanda ghafla ziliibuka bidhaa za kuiga zisizo na idadi. Nyingi zilibeba herufi za CE, alama ya Ulaya ya kuonyesha kwamba kitu kinatimiza masharti ya usalama. Mnunuzi aliiamini alama hiyo kama babu zake walivyoiamini nanga. Lakini alama hizo mbili hazifanani. Nanga hupigwa na mpimaji asiyeuza. Herufi za CE, kwa vitu vingi vya kuchezea, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa dhamana ya neno lake. Kile ambacho Bunge la mwaka 1773 lilikikataa kwa fedha, yaani fundi kuwa hakimu wa kazi yake, sheria za karne ya 21 zilikikubali kwa vitu vinavyoingia vinywani mwa watoto.

Ftaleti haishikamani na plastiki kikemia. Huweza kutoka polepole, hasa kitu kinapotafunwa au kulowa jasho. Majaribio juu ya wanyama yalionyesha kwamba baadhi ya kemikali za kundi hilo hudhuru mfumo wa uzazi, na ndiyo sababu ya kiwango kile kidogo cha sheria. Baada ya matokeo ya Birmingham kutangazwa, vipambo viliondolewa katika baadhi ya maduka makubwa. Vile vilivyouzwa vibandani na masokoni havikuwa na wa kuvikusanya.

Hapo ndipo nafasi zilipobadilishana. Kwa muda mrefu Birmingham ilikuwa mji wa watengenezaji, na wavaaji walikuwa mbali, wakizigonga bangili zake na kusikiliza. Mwaka 2014 mvaaji alikuwa mtoto wa Birmingham, na mtengenezaji alikuwa mbali. Mnunuzi wa delta ya Niger alikuwa na sikio lake, na Mmaasai alikuwa na kipimo chake cha uzi. Mtoto huyu hakuwa na kitu. Kipambo chenye sumu hakilii tofauti na kisicho na sumu. Hakina harufu ya kuaminika wala uzito wa pekee. Ujuzi wa kufuma ulimpa uhuru juu ya umbo, lakini haukumpa uhuru juu ya malighafi. Kujitengenezea, ambako kulionekana kuwa tiba ya utumwa wa kununua, kulimfikisha nusu ya njia tu.

Mvumo wa bangili za kufuma ulikwisha upesi kama ulivyoanza. Bado unaacha somo kwa miji ambayo haikupata kuwa na nanga. Tanzania ina Shirika lake la Viwango tangu mwaka 1975, na Kenya ilianzisha lake mwaka mmoja kabla, na kila moja lina alama yake. Lakini vitu vidogo vya watoto, vile vya shilingi mia tano vinavyopangwa juu ya turubai Kariakoo au Gikomba, mara nyingi huwa ndivyo vya mwisho kufikiriwa, kwa kuwa bei yake haionekani kustahili gharama ya kuvipima. Boulton alipigania chapa kwa ajili ya fedha kwa sababu fedha ilikuwa ghali. Vipambo vya mwaka 2014 vilionyesha kwamba ughali wa kitu si kipimo cha haja ya kukipima. Kipambo cha senti chache kiliwekwa mbele ya wapimaji wa dhahabu, kikapimwa kwa uangalifu ule ule, na ndicho kilichoshindwa. Mtoto aliyekivaa hakuwa na walinzi 36, na katika masoko mengi ya dunia hana mpaka leo.